Chale kwenye mlango wa Vanette

Mteja wangu mmoja wa mtaa wa Fedha aliniuliza kwa nini siku hizi simu yangu inapokewa na mzee. Alikuwa amepiga mara tatu akitaka zulia lake la sebuleni lichukuliwe, na mara zote tatu akajibiwa na mzee mpole aliyemweleza kwamba yeye yuko Kitui na haoshi mazulia. Nikamuuliza namba aliitoa wapi. Akasema aliisoma nyuma ya gari letu, wakiwa wamekwama kwenye foleni ya Donholm.

Nilitoka nje kuliangalia gari. Namba ya simu kwenye mlango wa nyuma ilikuwa imebandikwa kwa tarakimu zilizokatwa moja moja, nyekundu juu ya nyeupe. Nane ya mwisho ilikuwa imeachia upande wa kushoto, ukingo wake umeng'oka na kupotea barabarani. Kilichobaki, ukisimama hatua kumi nyuma, kilikuwa tatu safi kabisa. Nilimpigia yule mzee kumwomba radhi. Akaniambia amepokea simu za watu wa mazulia kwa wiki mbili, na kila mmoja amemwambia aangalie namba vizuri.

Gari hilo lilikuwa limevishwa stika miezi saba tu kabla ya siku hiyo.

Tunaosha mazulia, makochi na magodoro. Duka letu liko ndani ya mtaa, Donholm, mahali ambapo mtu hapiti ila awe na shughuli huko. Kwa hiyo bango letu ni gari, Nissan Vanette nyeupe tuliyoinunua kwa mkono wa pili kutoka kwa mtu. Likikwama Jogoo Road saa mbili asubuhi, watu walio kwenye matatu ya pembeni wana nafasi ya kusoma kila herufi mara tatu. Zaidi ya nusu ya wateja wetu wapya huanza kwa kusema, "Nimeona gari lenu." Ndiyo maana uchungu wa ile nane haukuwa wa urembo. Ulikuwa wa unga.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita nimewaona wenzangu wawili, mmoja wa keki na mwingine wa maji ya kunywa, wakienda njia ileile niliyopita mimi katika kutafuta kampuni ya kuvisha magari yao stika.

Kampuni ya kwanza niliichagua kwa macho na kwa mfuko. Macho yalivutwa na picha: magari yanayong'aa, yamepigwa picha jioni, rangi zimekolea. Mfuko ulivutwa na bei. Wawili niliowauliza awali walikuwa wametaja zaidi ya shilingi 70,000 kwa pande mbili na mlango wa nyuma. Hawa walisema 38,000. Niliwaona wale wa kwanza kama watu wa kunyonya. Nikatuma 30,000 kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu binafsi, na hapo hakuna yeyote kati yao aliyekuwa ameliona gari langu kwa macho yake. Waliniuliza tu ni aina gani na wakataja bei kwenye simu. Leo mtu akinipa bei ya mwisho kabla ya kuligusa gari, namshukuru na kukata simu.

Ilikuwa Julai. Anayeishi Nairobi anaijua Julai: ubaridi wa asubuhi unaoshuka hadi nyuzi 12 hivi, manyunyu yasiyo mvua wala ukavu. Kazi ilifanyiwa uwanjani, kando ya barabara ya vumbi, paa lenyewe likiwa turubai lililofungwa kwenye miti. Kijana mmoja alipangusa gari kwa kitambaa kilicholowa, akakisuuza kwenye ndoo, akapangusa tena kwa kitambaa hichohicho. Stika zilifika saa sita mchana zikiwa zimetoka kuchapishwa, na zilinuka wino hivi kwamba nilirudi nyuma hatua moja. Saa kumi na moja jioni gari lilikuwa tayari.

Na lilipendeza. Lazima niseme hivyo kwa haki, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hunaswa. Siku ya kwanza, kazi mbovu na kazi nzuri hufanana. Nililipiga picha, nikawatumia dada zangu, kila mtu akanipongeza.

Wiki ya tatu yakatokea malengelenge upande wa kushoto, madogo kama mbegu za papai. Mwezi wa pili kingo zikaanza kuinuka kwenye mashimo ya vishikio vya milango na kwenye ule mfereji wa bodi unaopita chini ya dirisha. Ukibonyeza kwa kidole hurudi mahali pake. Ukienda ndani kunywa chai na kutoka, zimeinuka tena. Kufika Desemba, nyekundu yetu ilikuwa imefifia ikawa kama waridi, na picha ya zulia ilionekana kana kwamba imepigwa ndani ya ukungu.

Nilirudi kwao. Yule aliyepokea pesa alizunguka gari mara moja, akainama, akasema, "Mama, hii ni mashine yenu ya maji. Mnaosha gari kwa presha." Ni kweli tunaosha kwa presha, ndiyo kazi yetu. Lakini hakuna aliyewahi kunieleza kwamba pua ya mashine inatakiwa ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye stika, na kwamba maji yasielekezwe kwenye ukingo. Na maji ya presha hayafifishi rangi. Nilipomwambia hivyo akasema atanipigia. Nikawa napiga mimi, kwanza kila siku, kisha kila wiki, mpaka namba ikawa haipatikani.

Mpwa wangu aliyesomea sheria alinishauri niende Mahakama ya Madai Madogo. Ilifungua milango Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Akaniuliza, "Shangazi, mlikubaliana nini?" Nikafungua simu. Nilikuwa na ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha nililipa. Nilikuwa na picha ya mchoro. Lakini hapakuwa na neno hata moja lililosema ni vinili ya aina gani, yaani ile plastiki inayotengeneza stika, itawekewa utando wa juu au haitawekewa, itadumu miaka mingapi na ikiharibika nani anaitengeneza. Kwa mdomo waliniambia miaka mitano. Mpwa wangu hakunikatisha tamaa, alisema hata makubaliano ya mdomo ni makubaliano, lakini nilimwona anavyokuna kichwa. Sikwenda. Nilichagua kutumia siku hizo kutafuta pesa za kuanza upya, na hata leo sijui kama nilichagua vyema.

Kubandua ndiko kulikonionyesha ukweli wote.

Stika nzuri ikipashwa joto na kuvutwa taratibu hutoka kipande kikubwa, kama ganda la ndizi mbivu. Yetu ilitoka kwa vipande vya ukubwa wa kucha, na gundi ikabaki juu ya rangi. Vijana wawili walishinda siku mbili wakipasha, wakivuta, wakipangusa gundi kwa dawa. Upande wa kushoto mambo yakawa mabaya zaidi: stika ilitoka na rangi. Chini yake kukaonekana filla ya kijivu, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi. Kumbe aliyetuuzia gari alikuwa amewahi kugongwa upande huo, akanyoosha bodi na kupuliza rangi ya haraka. Rangi ya kiwandani hushika. Rangi iliyopulizwa vibaya juu ya bodi isiyoandaliwa huja na chochote utakachokibandika juu yake. Fundi makini angelijua hilo kabla ya kuanza.

Kisha upande wa kulia, ambao rangi yake ilikuwa nzima, nikaona chale. Sina neno lingine. Kuzunguka kila kishikio, kufuata kila ukingo wa mlango, kulikuwa na mistari myembamba iliyonyooka, kama chale za mganga kwenye ngozi. Nilipitisha kucha, ikazama. Wakati wa kubandika, yule kijana alikuwa akikata ziada kwa wembe palepale juu ya gari, akikandamiza, na kila mkato ulipita kwenye stika, ukapita kwenye rangi, ukafika kwenye bati. Miezi saba ya maji ya kuoshea ilikuwa imeingia humo. Mstari mmoja chini ya mlango wa dereva ulikuwa tayari na kutu ya rangi ya chai.

Nilisimama pale nikiwa nimeweka mkono mdomoni. Pesa za stika zilikuwa zimepotea, hilo nilishalikubali. Sikuwa nimefikiri kwamba niliwalipa watu wanikate gari.

Baada ya hapo niliacha kutafuta bei nikaanza kutafuta kuelewa, na nitaeleza machache niliyoyapata kwa sababu bila hayo huwezi hata kuuliza swali.

Vinili za magari ziko namna kuu mbili. Kuna ile ambayo mafundi huiita kasti: plastiki inamiminwa ikiwa majimaji, inatandazwa na kukaushwa. Huwa nyembamba, kama mikroni 50 hivi, na kwa kuwa haikuvutwa ilipotengenezwa haina haja ya kurudi popote. Kuna nyingine ya kukandamizwa, inayopitishwa kati ya magurudumu ya moto mpaka iwe bapa, kwa kawaida mikroni 70 hadi 100. Hiyo ilizaliwa kwa kuvutwa, na maisha yake yote hujaribu kujikunyata. Iweke kwenye ukuta tambarare, itatulia kwa muda mzuri, hasa zile za daraja la juu. Iingize kwenye shimo la kishikio au mfereji wa bodi, itakutoka. Yetu ilikuwa ya kukandamizwa ya daraja la chini kabisa, ile inayofaa tangazo la dirisha la duka kwa msimu mmoja, na ilikuwa imelazimishwa kwenye kila kona.

Halafu wino. Wachapishaji wengi hapa hutumia wino wenye viyeyusho, na stika iliyochapishwa kwa wino huo lazima iachwe ipumue, kwa kawaida saa 24 hadi 48, kabla ya kuwekewa utando wa juu na kubandikwa. Ule mvuke usipotoka unalainisha gundi. Harufu iliyonirudisha hatua nyuma Julai ile ilikuwa inanieleza kila kitu, nami sikuielewa. Huo utando wa juu nao ndio unaokinga rangi na jua na mikwaruzo. Sisi hatukuwekewa. Watu husema Nairobi ni baridi, lakini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na karibu sana na ikweta. Jua letu halina joto kama la Mombasa ila miale yake ni mikali, na chapa isiyo na kinga haifiki mbali.

Nikiwa na hayo kichwani nilitembelea kampuni tano, kuanzia Ngara hadi Industrial Area, nikienda na gari lenyewe. Mbili sitazieleza; ziliendelea kunionyesha picha. Ya tatu ilikuwa na ofisi nzuri sana yenye viti vya ngozi, na kila nilichouliza nilijibiwa "hiyo tutaangalia". Kumbe kazi hawaifanyi wao. Wanachukua oda, wanaita fundi wa kutwa, na akikosea hayupo wa kumuuliza. Sasa hilo ni swali langu la pili kila mahali: anayebandika ni nani, yuko hapa leo, naweza kumwona? La kwanza nitalifikia.

Ya nne walikuwa mafundi wazuri wa matatu. Nawaheshimu wale vijana, ubunifu wao hauna mfano, na nani asiyesimama kutazama mathree mpya ikipita Tom Mboya? Lakini gari la matatu hurembwa upya kila mara, mwenyewe akitaka sura mpya hangoji ya zamani iishe. Mimi nilitaka sura moja inayokaa miaka.

Ya tano iko kwenye godauni Industrial Area. Nilifika nikakuta mlango umefungwa, nikadhani wamefunga kazi. Kumbe hufungwa makusudi, kuzuia vumbi. Ndani sakafu ilikuwa imemwagiwa maji kidogo na kupigwa deki, kuta nyeupe, taa ndefu pande zote. Fundi mkuu ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mtu wa maneno machache. Alinisalimia, "Shikamoo mama," kisha akaniacha nimesimama akaenda kwenye gari.

Alifanya mambo matatu kabla ya kuniambia lolote. Alipitisha kiganja chini ya milango, taratibu, akisimama kila penye kutu. Aligonga gonga upande wa kushoto kwa viungo vya vidole akisikiliza mlio, maana penye filla hulia kama mbao. Kisha akatoa utepe wa gundi, akabandika kipande upande huo wa kushoto, akakikandamiza vizuri kwa kidole gumba, akakivuta kwa mpigo. Kilikuja na magamba ya rangi. Akanionyesha kipande kile bila kusema neno.

"Siwezi kubandika hapa, mama," akasema mwishowe. "Nikibandika leo, utanichukia baadaye. Peleka kwanza kwa fundi wa bodi atoe hii rangi yote, apige upya, na ile mistari ya wembe aizibe. Rangi ikishapigwa usiniletee kesho yake, iache wiki kadhaa ikauke mpaka ndani. Pesa yako kaa nayo."

Nilikuwa nimekwenda na arubuni mkobani. Alikataa kuipokea. Katika safari yangu yote, hicho ndicho kipimo kilichonishika zaidi: wa kwanza alichukua pesa kabla ya kuliona gari, huyu aliliona gari akakataa pesa.

Lakini sikutaka kudanganywa na upole tena, kwa hiyo nikamuuliza swali langu la kwanza, ambalo nimewauliza wote na wanne hawakuwa na jibu: "Nionyeshe gari ulilolivisha miaka miwili iliyopita." Si picha. Gari, liko wapi, nikaliguse. Alifikiri kidogo akapiga simu, akanielekeza kwa mwenye duka la dawa South B aliye na gari dogo la kusambazia bidhaa. Nilikwenda siku hiyohiyo na dereva wetu.

Tulilikuta limeegeshwa juani. Nilianzia kwenye vishikio, kwa sababu hapo ndipo uongo hutokea kwanza. Kingo zilikuwa zimelala. Nikafungua mlango nikaangalia stika ilipoishia: ilikuwa imekunjwa ikaingia ndani ya ukingo, haikukatwa usoni. Boneti ilikuwa imefifia kidogo kuliko milango, na mwenye gari akaniambia fundi alimtahadharisha mapema kwamba sehemu zinazolala kuelekea juu hupigwa na jua zaidi, hivyo dhamana yake ni fupi. Hilo lilinituliza kuliko kama boneti ingekuwa mpya. Mwenye gari alikuwa na lalamiko moja: walichelewa siku mbili. Nikasema moyoni, siku mbili nitazivumilia.

Bei ilikuwa 85,000, mbali na kazi ya bodi. Sitasema haikuuma. Tuliiweka kando kidogo kidogo kwa miezi minne, gari likizunguka mjini likiwa jeupe tupu na karatasi ya namba ya simu kwenye kioo cha nyuma. Nilipomwambia fundi kwamba nataka kasti gari zima, nimeshajifunza, alinizuia. Alisema ubavu wa Vanette ni bapa, vinili ya kukandamizwa ya daraja la juu itakaa vizuri pale, kasti tuiweke kwenye milango yenye mifereji na mlango wa nyuma. Angeweza kunyamaza akaniuzia ya ghali.

Alinionyesha pia roli lenyewe la vinili. Nyuma ya karatasi ya kubandua palichapishwa jina la mtengenezaji na namba ya bidhaa, nikaipiga picha na kuitafuta kwenye simu palepale. 3M, Avery Dennison, Orafol, wote huweka wazi maelezo ya kila bidhaa: unene, joto la kubandikia, miaka ya kudumu na kwenye hali gani. Yaliyoandikwa yakafanana na aliyoniambia. Mwenye kampuni anayeficha roli ana sababu.

Tuliandikiana karatasi mbili. Ina namba ya vinili na ya utando wa juu, sehemu gani inapata ipi, nani anabandika, dhamana ya miaka mitatu kwa pande za wima na mwaka mmoja kwa juu, na kile ambacho dhamana haigusi, ikiwemo kuosha kwa presha kutoka karibu. Mimi niliongeza kipengele kimoja: faili la mchoro ni langu na nipewe nakala. Fundi akaniuliza rangi iliyoandikwa kwenye logibuku. Ni nyeupe, na gari letu limebaki jeupe sehemu kubwa. Lakini alisema mtu akibadilisha rangi ya gari zima kwa vinili lazima apeleke mabadiliko hayo NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, si urembo tu. Pia akanikumbusha ada ya kaunti ya tangazo la biashara kwenye gari. Kampuni ya kwanza haikuwahi kuyataja hayo mawili.

Gari lilikaa kwao siku nne. Siku ya tatu niliomba niruhusiwe kuangalia, wakakubali. Vishikio vilikuwa vimefunguliwa na kuwekwa kwenye kisanduku na skrubu zake. Bodi ilikuwa imeoshwa, ikapitishwa udongo maalumu wa kunasa uchafu, kisha ikapanguswa kwa spiriti na vitambaa visivyorudiwa. Penye mkato, fundi alilaza kwanza utepe mwembamba wenye uzi ndani yake, akabandika vinili juu, kisha akauvuta ule uzi kama anayefungua pakiti ya biskuti, na vinili ikapasuka mstari ulionyooka. Wembe haukugusa gari.

Kilichonishika zaidi ni alichokifanya baadaye, wakati mimi ningesema kazi imekwisha. Alichukua kile kifaa cha kupuliza hewa moto, akakirudia kila kishimo, kila mfereji, kila kona aliyoivuta, na mkono wa pili ameshika kipimajoto cha kuelekeza. Alisubiri kisome nyuzi 90 na zaidi kabla ya kusogea sentimita chache mbele. "Vinili ina kumbukumbu," aliniambia bila kugeuka. "Ukiivuta inakumbuka ilikotoka. Moto huu ndio unaoisahaulisha." Ilimchukua karibu saa mbili. Nilikumbuka uwanja ule wa Julai: hakuna aliyewahi kurudia kona hata moja, na baridi ile yenyewe haikufaa, maana watengenezaji wengi hutaka kazi ifanyike kwenye nyuzi 16 hivi kwenda juu.

Tulikatazwa kuliosha kwa wiki nzima. Baada ya wiki mbili tukalirudisha kukaguliwa, wakapasha ukingo mmoja wa mlango wa nyuma, hawakudai kitu. Nimebandika pia karatasi ukutani pale kwenye mashine ya maji, yenye picha ya mkono umeshika pua na urefu wa rula moja ya shule mpaka kwenye gari. Vijana wanaifuata.

Mwaka wa pili sasa. Mwezi wa nne bodaboda alitupita kwa ndani karibu na Umoja, kioo chake kikachora mlango wa kulia tangu mbele hadi nyuma. Zamani ningelia. Nilipeleka gari godauni, faili lilikuwepo, namba ya vinili ilikuwepo kwenye karatasi zetu, wakachapisha mlango mmoja tu na kuuacha upumue siku mbili. Siku ya kubadilisha nilisimama karibu. Fundi aliupasha mlango joto, akashika kona ya juu, akavuta taratibu kwa pembe ndogo, na stika yote ikashuka kipande kimoja, laini, bila kuacha gundi.

Nilisogea nikapitisha ukucha kuzunguka kishikio, nikafuata ukingo wa mlango mpaka chini. Kucha haikuzama popote.